Muulize Fundi: Kigari cha bandani na herufi mbili zilizogeuka

Mwezi huu nimeziweka kando barua za betri, za kabureta, na ya yule bwana anayetaka nimchagulie rangi. Zimerundikana barua za aina moja, zote zikiuliza: "Fundi, hili ni gari gani?" Wala si gari la kiwanda. Ni vile vigari vya mbio vya viti viwili, vilivyoundwa na watu uani kwao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa Uingereza na Marekani, kwa chasisi ya gari bovu, injini ya gari jingine, na bati lililopigwa nyundo juu ya gogo. Havina nembo, mara nyingi havina hata kadi, na kila kimoja kiko peke yake duniani. Mimi navipenda kuliko Ferrari. Ferrari ukiiona umeiona. Hivi vinakulazimisha ufikiri.

*Shikamoo Fundi. Mjomba wangu amefariki, ameniachia kigari cha mbio kilichokaa bandani miaka mingi. Bodi ni ya alumini. Aliyemuuzia mjomba alimwambia ni Lotus ya mwanzo kabisa. Hakuna bati la kiwanda. Nimepima kama ulivyowahi kutuelekeza: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni sentimita 191 upande wa kushoto na 190 upande wa kulia. Ukiitazama chasisi kwa juu ina umbo la herufi A. Injini ni ya silinda nne, na nilipofungua kifuniko cha juu sikuona vali hata moja ndani yake. Niwaandikie watu wa Lotus?*
Mpwa wa Marehemu

Marahaba, mpwa. Poleni na msiba.

Kalamu ya kuwaandikia Lotus iweke chini kwanza. Umenifurahisha kwa kupima pande zote mbili; wengi hupima upande mmoja wakaondoka. Hiyo sentimita moja ya tofauti isikutie hofu. Ama gari liligonga kitu zamani, ama aliyefunga ekseli alifanya kazi usiku.

Vipimo vyako vinaelekea kwenye Austin 7. Gari hilo lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1922 hadi 1939, karibu magari 290,000, na chasisi yake ni herufi A kama unavyoeleza: nyembamba mbele, pana nyuma. Umbali kati ya ekseli kwenye zile za mwanzo ni futi 6 na inchi 3, yaani sentimita 190.5. Za baadaye zilirefushwa zikafika karibu sentimita 206. Injini yake ina vali za ubavuni, ndiyo maana kifuniko cha juu umekikuta kitupu. Vali zimesimama kando ya silinda, ndani ya bloku. Chukua vernia upime kipenyo cha silinda. Ukipata milimita 56 hivi, na pistoni ikasafiri milimita 76 kutoka chini hadi juu, hiyo ni injini ya sentimita za ujazo 747 na ubishi umekwisha. Kabla ya hapo inama utazame springi. Mbele iwe moja tu, imelala kukingama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nyuma ziwe mbili fupi, zimetokeza kutoka mwisho wa chasisi kama mikono ya mtu anayebeba sinia.

Sasa hiyo Lotus. Aliyemuuzia mjomba hakuokota neno hilo hewani. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alijenga gari lake la kwanza mwaka 1948 juu ya Austin 7, na lile la tatu, la 1951, lilikuwa Austin 7 vilevile, la kushindana katika daraja la 750, yaani la injini za ukubwa huo. Lakini hakuwa peke yake. Klabu ya 750 ilianzishwa Uingereza mwaka 1939, na baada ya vita Austin 7 zilizochakaa zilikuwa kila mahali kwa bei ya kutupa. Kijana mwenye msumeno wa chuma na uvumilivu aling'oa bodi, akaishusha chasisi, akajenga la kwake. Wengi walifanya hivyo. Kuzaliwa kijiji kimoja na mfalme hakumfanyi mtu mwana wa mfalme.

Basi tutamjuaje aliyejenga hili lako? Hapa ndipo penye kazi, na ndiyo kazi niipendayo.

Lala chini ya gari na tochi. Usisugue kitu. Anza na matundu. Chasisi ya kiwanda ina matundu yake, yamenyooka, yana sababu. Mjenzi wa nyumbani huongeza ya kwake: ya kushikilia rejeta aliyoishusha, ya pedali alizozisogeza nyuma, ya kupunguza uzito. Yachore yote kwenye karatasi, hata yale yasiyotumika leo. Hasa hayo. Tundu lisilo na bolti ni kitu kilichokuwapo kikaondolewa, na picha ya zamani ikipatikana siku moja, kitu hicho kitaonekana kimekaa hapohapo. Mwaka fulani niliitazama chasisi moja yenye matundu manne madogo mfululizo ubavuni mwa giaboksi, lile la mwisho limetanuka likawa kama yai. Hakuna aliyejua ni ya nini. Nilikaa nayo mchana kutwa ndipo nikaelewa: mjenzi alikuwa akitafuta mahali pa kufunga wenzo wa breki ya mkono. Alijaribu mara tatu, mara ya nne akapapata, na breki ikawa inavuta kiasi cha kulitafuna tundu. Baadaye ilikuja picha ya gari jingine lililosemekana kuwa ndilo hilihili. Breki ya mkono ilikuwa upande wa pili. Tukaliacha.

Tazama pia ekseli ya mbele. Je, ni fimbo moja nzima, au imekatwa katikati na kufungwa kwa bawaba ili kila gurudumu lijitegemee? Leslie Ballamy alikuwa maarufu kwa kuzigawa ekseli hivyo, na wajenzi wengi walimwiga wenyewe nyumbani. Gari la namna hii ukiliinua kwa jeki, magurudumu ya mbele hukunja miguu kama ya ndama aliyezaliwa jana. Ukataji wenyewe nao una saini. Mmoja huchomelea kwa mshono laini, mwingine hujaza chuma kama mtu anayepaka matope ukutani. Piga picha ya mshono kwa karibu.

Alumini igeuze uione kwa ndani. Ukikuta mabaki ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, hasa pasipofika brashi, hiyo ni rangi ya kuzuia kutu ya viwanda vya ndege. Bati kama hilo lilipatikana kwa urahisi baada ya vita. Halikutajii jina la mjenzi, lakini linaanza kukueleza alikuwa akipitapita wapi.

Na kipimo cha mwisho, ambacho vitabuni hukikuti. Pima kutoka sehemu ya mgongo wa kiti hadi kwenye pedali ya klachi. Gari la kiwanda linajengwa kwa mtu wa wastani. Gari la nyumbani linajengwa kwa mguu wa aliyelijenga, kwa kuwa alikaa mwenyewe sakafuni na chaki, akanyoosha miguu, akapiga mstari. Mjomba wako alikuwa mrefu? Kama aliingia humo magoti yakigusa usukani, basi mjenzi alikuwa mtu mfupi, na hilo ni la kuandika. Siku utakapopata majina mawili yanayogombania gari hili, picha ya mtu amesimama kando ya gari itatosha kumwondoa mmojawapo.

Namba za chasisi na injini ziandike pia, ingawa injini za magari haya zilibadilishwa kama mashati. Kisha niletee karatasi ya matundu.

*Fundi, habari za kazi. Nakutumia picha niliyoikuta ndani ya kitabu cha zamani nilichonunua. Kigari kidogo cha mbio, usukani uko kulia, ubavuni kuna namba 8 na chini yake herufi MH. Kando yake amesimama mwanamume mwenye koti. Kwa kuwa usukani uko kulia nimelichukulia kuwa la Uingereza, na kwa miaka miwili nimetafuta gari linaloitwa MH. Sijapata. MH ni nani?*
Msaka Picha

Msaka Picha, nzuri tu. MH hayupo. Umemtafuta miaka miwili mtu ambaye hajazaliwa.

Picha yako niliibandika karibu na dirisha, nikanywa chai nikiitazama. Gari halikuniambia kitu. Aliyeniambia ni yule bwana mwenye koti. Koti la mwanamume hufungwa ubavu wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Lake limefungwa kinyume. Nikatazama mfuko wa kifuani: uko upande wa kulia. Saa: mkono wa kulia. Mtu mmoja anaweza kuvaa saa mkono wa kulia, lakini hawezi kuwa na mshonaji aliyekosea mfuko na vifungo vyote kwa pamoja. Nikachukua kioo changu cha kunyolea nikakisimamisha mbele ya picha.

Negativu ilisafishwa ikiwa imegeuzwa. Kawaida jambo hili hugundulika mara moja kwa sababu maandishi husomeka nyumanyuma, ila bahati yako ni mbaya kupita kiasi: 8 ikigeuzwa hubaki 8, H hubaki H, M hubaki M. Kinachobadilika ni mpangilio tu. Herufi zako ni HM, na usukani uko kushoto. Uingereza imekwisha, tumehamia Marekani.

Na HM si jina la gari. Chama cha magari ya michezo cha Marekani, SCCA, kiliyagawa magari kwa herufi kufuata ukubwa wa injini, na H ilikuwa ya injini ndogo, zisizozidi sentimita za ujazo 750. M ni ya magari yaliyobadilishwa au kujengwa mahsusi kwa mbio, tofauti na yale yanayouzwa dukani, ambayo yalipewa P. Kwa hiyo ulichoshika ni picha ya gari la daraja la H lililoundwa au kurekebishwa, na hapo tayari duara limekuwa dogo.

Katika daraja hilo injini iliyopendwa na wajenzi wa nyumbani ilikuwa ya Crosley, kiwanda cha vigari vidogo cha Marekani: silinda nne, sentimita za ujazo 724 hivi, kemshafti, yaani mhimili wa kufungulia vali, iko juu. Zile za mwanzo zilikuwa na bloku ya ajabu, vipande vya bati la chuma vilivyounganishwa kwa shaba ndani ya tanuru. Mwaka 1949 wakahamia bloku ya chuma cha kusubu, na hiyo ndiyo wanambio waliyoitaka. Kiwanda kiliacha kutengeneza magari mwaka 1952, lakini injini ziliendelea kuzunguka viwanjani miaka mingi baadaye. Usizidharau kwa udogo wake. Tarehe 31 Desemba 1950, katika mbio za kwanza za Sebring kule Florida, za saa 6, ushindi ulihesabiwa kwa kulinganisha mwendo na ukubwa wa injini, na aliyeshinda alikuwa Crosley Hot Shot.

Je, lako lina Crosley? Magurudumu yanadokeza hivyo. Yanafika magotini mwa yule bwana tu, na Crosley zilitumia ringi za inchi 12. Ila usinukuu kwamba nimekuapia. Waitaliano nao walikuwa na vigari vya ukubwa huo, na Ilario Bandini wa Forlì alichukua injini hiyohiyo ya Crosley akaitumia katika magari yake, ambayo mengine yalifika Marekani na kushindana katika daraja hilihili. Tofauti nitakayoiangalia mimi ni mistari ya bodi. Bandini alijua kupinda bati. Bodi ya gari lako, samahani, inaonekana kama beseni lililokaliwa.

Sasa tazama chini ya magurudumu. Hiyo si barabara. Ni zege lenye mistari mirefu iliyonyooka, mabamba makubwa yaliyopangwa, wala hakuna mti wala ukuta hadi mwisho wa picha. Ni uwanja wa ndege. Kati ya 1952 na 1954 Jenerali Curtis LeMay, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha ndege za mabomu za Marekani, aliruhusu SCCA kufanya mbio katika kambi zake. Mbio za viwanja vya ndege zilikuwapo pia kabla na baada, kwa hiyo usiibandike tarehe kwa jambo hilo pekee. Lakini ukianza kutafuta, anzia hapo: vitabu vya ratiba ya mbio za miaka hiyo. Kitabu cha ratiba humtaja dereva, gari na namba. Tafuta namba 8 katika HM. Zitakuwa nyingi. Kisha tafuta ile yenye dereva mwenye koti la namna hiyo.

*Bodi ya gari langu ni ya faibaglasi, injini ni Triumph. Kila anayeliona anasema "Devin hiyo." Ni kweli?*
Mwenye Faibaglasi

Inawezekana bodi ni Devin. Gari ni suala jingine.

Bill Devin wa El Monte, California, alikuwa akiuza maganda ya faibaglasi, na umbo lake alilinakili kutoka gari dogo la Kiitaliano, Ermini, lililovikwa bodi na Scaglietti. Akalitengeneza kwa urefu na upana wa namna nyingi ili limfae kila mwenye chasisi, na watu wakayavika juu ya kila kitu chenye magurudumu manne. Aliuza pia magari kamili, kama Devin SS ambayo chasisi yake ilitengenezwa Belfast na injini ikawa V8 ya Chevrolet, lakini lako lenye Triumph haliko huko.

Tena usiniletee Devin pekee. Uingereza kulikuwa na Microplas na bodi yao ya Mistral. Bodi hiyohiyo ilivaliwa na Fairthorpe Electron, na New Zealand kampuni ya Weltex ikaitengeneza kwa leseni. Umbo moja, nchi mbili, na majina kadha wa kadha. Ganda la dukani linakuambia mjenzi alinunua wapi nguo. Yeye mwenyewe yuko chini.

Pitisha kiganja kwa ndani, kule kwenye nyuzi za kuchoma, nyuma ya milango na juu ya gurudumu la nyuma. Vaa glavu. Ukihisi ukanda wa nyuzi mpya umekatiza kwa upana, hapo bodi ilikatwa na kurefushwa au kufupishwa ili ilingane na chasisi. Kipimo cha ukanda huo ndicho kitu pekee katika bodi yako ambacho hakikutoka kwenye kalibu ya mtu mwingine.

*Fundi, nimeuziwa gari kama la mwaka 1951, "lilikimbia msimu huo." Mbele lina breki za diski. Dainamo yake ya Lucas imegongwa 9 58. Rafiki zangu wananicheka. Nimetapeliwa?*
Mnunuzi

Marafiki zako wamecheka kwa dainamo, nao wamecheka mapema. Ni kweli Lucas waligonga mwezi na mwaka kwenye vifaa vyao, na 9 58 ni Septemba 1958. Lakini dainamo hubadilishwa kwa dakika kumi na spana mbili. Gari likikimbia miaka saba ni lazima lipate dainamo mpya.

Diski ndizo za kukaa nazo. Jaguar ilishinda Le Mans mwaka 1953 kwa diski za Dunlop, na watu wa kawaida wa Uingereza walianza kuzipata kwenye magari ya barabarani kama Triumph TR3 kuanzia mwishoni mwa 1956. Mjenzi wa uani kule Uingereza ni vigumu kuwa alikuwa nazo mwaka 1951. Kwa hiyo uliza kipande kiliingiaje. Kama kishikio cha breki kimefungwa kwa bolti, na kando yake kuna matundu ya zamani yaliyozibwa, basi gari lilikuwa na breki za ngoma likabadilishwa baadaye, na mwaka 1951 bado uko hai. Kama chuma kinachoshika diski kimechomelewa pamoja na mabomba ya chasisi na hakuna dalili ya kitu kingine kabla yake, muuzaji wako ana la kujibu.

Baada ya hapo, hesabu meno ya bolti. Ninamaanisha hesabu, kwa geji, si kwa jicho. Waingereza walikuwa wakitumia viwango vya meno viitwavyo BSF na Whitworth. Mwaka 1948 wao, Marekani na Kanada wakakubaliana kuwa na meno ya pamoja, UNF ikiwa mojawapo, na viwanda vya magari vya Uingereza vikayahamia katika miaka ya 1950. Bolti ya inchi 3/8 ya BSF ina meno 20 kwa inchi. Ya UNF ina 24. Bolti za nje usizijali, hizo hubadilishwa kila siku. Tafuta nati zilizochomelewa ndani ya chasisi, zile ambazo huwezi kuzibadilisha bila kukata chuma. Zikiwa UNF zote, 1951 inaanza kuwa ngumu kuamini kwa gari la Kiingereza lililojengwa na mtu kwa vipande vya magari ya kabla ya vita. Zikiwa BSF, usishangilie. Mjenzi wa nyumbani alikuwa na kopo la bolti alilorithi kwa baba yake na alilitumia hadi likaisha. Kipande kipya kinaweza kukanusha mwaka. Cha zamani hakiwezi kuuthibitisha.

Niandikie tena ukishalala chini ya gari. Kama umetapeliwa tutajua wiki mbili zijazo, na kama hujatapeliwa mnyamazishe kwanza yule anayecheka kwa sauti.

*Nataka kuondoa rangi yote nione chuma. Niitumie dawa au msasa?*
Kijana wa Gereji

Usitumie chochote. Kaa chini nikueleze aibu yangu.

Nilikuwa na umri kama wako, nikaletewa boneti ya kigari cha mbio cha alumini. Mwenyewe alitaka iwe laini kama yai. Rangi ilikuwa nyekundu, chini yake nyekundu nyingine. Nikamwaga dawa, nikakwangua, nikafuata na msasa wa mashine, huku nikipiga mluzi. Nimebakiza eneo la kiganja hivi pembeni ndipo nikaona mstari wa rangi ya maziwa umejikunja, upana wa vidole viwili, umepakwa kwa mkono. Alama za nywele za brashi zilikuwa bado zinaonekana. Ilikuwa namba ya mbio. Nimebakiwa na kijipinde cha chini tu. Ilipita kama miaka miwili akapatikana mtu mwenye kitabu cha ratiba cha mbio tulizokuwa tunazishuku, na ndani yake kulikuwa na vigari viwili vya ukubwa ule, kimoja namba 3, kingine namba 5. Kichore chini kijipinde cha 3, halafu cha 5. Ni kilekile. Mwenye boneti alikuwa mtu muungwana, hakunigombeza. Aliichukua akaifunga kwenye blanketi. Mpaka leo gari lile halina jina, na mwenye kosa ni mimi.

Fanya hivi. Chagua mahali pa ukubwa wa sarafu, usugue kwa msasa laini na maji, taratibu, kwa duara, mpaka rangi zitokee kama pete za mti. Zihesabu, uziandike kutoka ndani kwenda nje. Rudia mlangoni, kwenye pua, mkiani. Pakiwa na tabaka jeupe mlangoni na halipo mkiani, umekaribia kwenye duara la namba. Toka hapo kwa milimita, si kwa sentimita. Taa iliyoshikwa ubavuni gizani, imeinamishwa sana, huonyesha kingo za namba zilizofunikwa hata kabla hujagusa msasa. Anza na taa.

*Fundi, ni mimi tena, mpwa. Vipenyo ni milimita 56, springi ni kama ulivyosema, ekseli imekatwa. Rangi ya kijani-manjano ipo. Kiti hadi klachi ni sentimita 84, na mjomba alikuwa mrefu kama mlingoti. Kuna maonyesho mwezi ujao na fomu inataka jina la gari, mtengenezaji na mwaka. Niandike nini?*

Wewe ndiye msomaji ninayemtaka.

Jina: Austin 7 Special. Hilo ndilo neno wanalotumia wenyewe kwa magari haya, na halidai kisicho chako. Mtengenezaji: andika "hajulikani". Usiache nafasi wazi, maana nafasi wazi mtu mwingine ataijaza kwa Lotus. Mwaka usiubuni, andika "chasisi ya kabla ya 1939, bodi ya baada ya vita", kwani bati la ndege ndilo linalokupa ruhusa ya sentensi hiyo, na hata hiyo iwekee neno "huenda".

Sentimita 84 kwa kiti cha chini namna hiyo ni mguu mfupi kweli. Mjomba hakulijenga, na sidhani kama alilifurahia sana barabarani.

Kwenye maonyesho usilisimamishe kwa kujionyesha upande mzuri. Liegeshe boneti ikiwa wazi na kioo kimewekwa chini ya chasisi ili matundu yaonekane, na karatasi ya mchoro wako ibandikwe kwenye usukani. Atakayefika akainama kabla hajauliza bei, huyo mpe kiti.